Msaada Wenu Usubiri Kidogo: Barua ya Wazi kwa Vijana Wetu Waendao Guatemala

Wanangu wapendwa, watoto wa Watanzania, Wakenya, Wakongomani na Warundi mliokulia hapa Marekani,

Nawasalimu nyote. Nimepata habari kwamba jumuiya yetu imeanza tena kuchangishana ili kundi jingine la vijana liende Quetzaltenango, mji ambao wenyeji huuita Xela, kusoma Kihispania asubuhi katika shule ya lugha na kujitolea mchana katika vituo ambavyo shule hiyo imeungana navyo. Safari yenyewe siipingi hata kidogo. Msimu wa mvua uliopita nilikuwa huko, mwanafunzi katika shule ile ile iliyowapokea wenzenu wa kundi lililotangulia, kwa sababu nilipostaafu kazi ya ukalimani hospitalini nilitaka hatimaye kuijua lugha ya majirani zangu wa mlango wa pili. Niliyoyaona kwa wenzenu yaliniudhi, na kwa kuwa watu wazima wenzangu waliotumiwa picha wamekwisha kupiga makofi na kutoa pongezi, naona hapana budi mmoja wetu aseme.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo isiyobishaniwa. Utaratibu wa shule nyingi za Xela ni mwalimu mmoja kwa mwanafunzi mmoja, mnakaa mkitazamana kwenye meza ndogo, saa tano kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa wiki mbili walizokaa wenzenu, hizo ni saa 50. Taasisi ya serikali ya Marekani inayowafundisha lugha wanadiplomasia wake inakadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji saa zipatazo 600 hadi 750 za darasani ili aweze kufanya kazi kwa Kihispania, na hiyo ni miongoni mwa lugha wanazozihesabu kuwa rahisi. Sasa nielezeni: mtu ambaye hajafikisha hata sehemu ya kumi ya safari hiyo, tena aliyeanza kujitolea siku ya tatu tangu ashuke kwenye basi, anamsaidia nani, na anamsaidia kwa maneno gani?

Nitawaambia nilichokiona. Kijana wetu mmoja, mwenye moyo safi kabisa na anayetaka kuwa daktari, alipangiwa kituo kidogo cha afya nje ya mji, kazi yake ikiwa kuwaandikisha wagonjwa. Mwalimu wangu alinipeleka huko alasiri moja ili nifanye mazoezi ya mazungumzo na watu waliokuwa wakisubiri. Akaingia bibi mmoja wa Kimaya, watu wa asili wa nchi hiyo, amevaa huipil, blauzi yao iliyofumwa kwa mkono, mjukuu amemfunga mgongoni. Kijana akachukua fomu, akaanza kusoma maswali ya Kihispania polepole, kwa sauti kubwa, kana kwamba bibi ni kiziwi. Mtoto amekula leo? Bibi akaitikia, “Sí,” yaani ndiyo. Ana mzio wa dawa yoyote? “Sí.” Amewahi kulazwa? “Sí.” Ni mtoto wako? “Sí.” Kijana akaweka alama katika kila kisanduku, akamshukuru, akamwonyesha benchi. Baadaye muuguzi alitoka, akaitazama fomu, akachuchumaa mbele ya bibi na kuzungumza naye Ki-K'iche', mojawapo ya lugha za Kimaya. Alipomaliza alikata karibu kila alama iliyokuwa imewekwa. Mtoto hakuwa na mzio wa chochote, na alikuwa hajala tangu jana yake.

Wanangu, itikio lile nalijua. Nimekaa miaka mingi kando ya vitanda vya wazee wetu waliotoka kambi za wakimbizi, wazee wa Kivu wanaomjibu daktari “ndiyo” kwa heshima, kwa uchovu, na kwa kutotaka kumwaibisha mtu aliyevaa koti jeupe. Mkalimani aliyefundishwa kazi haridhiki na jibu hilo hata siku moja. Humwomba mgonjwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe dawa hii ataimeza lini, vidonge vingapi, kabla ya chakula au baada yake. Isitoshe, hospitali ya hapa inayopokea fedha za serikali kuu inalazimika, kwa msingi wa Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, kumpatia mgonjwa asiyejua Kiingereza msaada wa lugha anayoielewa. Bibi zenu wanalindwa na sheria hiyo. Angetokea mwanafunzi wa chuo, amesoma Kiswahili kwa siku nane, akamwandikisha bibi yako hospitalini, mngekuja juu wote, na mimi ningekuwa mbele yenu. Mbona basi bibi wa watu wengine tunampelekea mwanafunzi wa siku nane, na kisha tunamshangilia?

Hata hicho Kihispania chenyewe, katika nyanda za juu za Guatemala, kwa wengi ni lugha ya pili. Nchi hiyo ina lugha 22 za Kimaya zinazotambuliwa. Rigoberta Menchú, aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1992, ni Mk'iche', naye alijifunza Kihispania ukubwani. Ninyi mliolelewa katika nyumba zenye Kichaga jikoni, Kiswahili sebuleni na Kiingereza barazani mlipaswa kulifahamu jambo hili kabla ya Mmarekani yeyote, na ndilo lililonikera kuliko yote.

Haya si mawazo mapya, wala msidhani ni ukali wa uzee. Ivan Illich, padri aliyezaliwa Vienna, alianzisha mwaka 1961 huko Cuernavaca, Meksiko, kituo kilichowafundisha Kihispania wamisionari na watu wa kujitolea waliokuwa wakielekea Amerika ya Kilatini. Yeye ambaye riziki ya kituo chake ilitokana na watu hao, mwaka 1968 alisimama mbele ya vijana wa Kimarekani waliozoea kwenda Meksiko kila kiangazi na kuwaambia waje kutazama, waje kupanda milima, waje kusoma, lakini wasije kusaidia. Aliwaambia kuwa ni dhuluma kujilazimisha kwa kijiji ambacho lugha yake huijui kiasi kwamba huelewi unafanya nini wala watu wanakuonaje. Mimi siendi mbali kama yeye. Naamini upo msaada wa kweli ambao mgeni anaweza kuutoa, ila unakuja nyuma ya lugha, tena nyuma sana.

Kuna jambo la pili linalofuatana na hilo. Katika kituo cha watoto wanakofanyia kazi za shule baada ya masomo, dada mmoja wa kundi lenu alikuwa amejiandaa vizuri: kadi za rangi, wimbo wa viungo vya mwili kwa Kiingereza, pipi mfukoni. Alipofungua kinywa kuanza wimbo, watoto waliuimba wote mpaka mwisho kabla yake, pamoja na ishara za mikono. Walikwisha kufundishwa na mgeni wa wiki iliyotangulia, na wa kabla ya huyo. Dada alifurahi, akasema watoto wana akili. Waliokulia Moshi na Arusha wanajua ninachokisema, kwa maana sisi tuliyaona haya upande wa pili: shule ambayo kila baada ya wiki kadhaa hupata mgeni mpya, na kila mgeni huanza upya na rangi na namba, huku mwalimu wa darasa akiwa amesimama dirishani na vipindi vyake vya hesabu vikipita. Watoto wa huko kwetu walikuwa na adabu na wakaigiza kujifunza, mwaka baada ya mwaka. Tuliwacheka wageni hao tukiwa nyumbani jioni. Leo wanaochekwa ni watoto wetu, na nauli tumewalipia sisi.

Hapa lawama siwatwishi ninyi peke yenu. Vyuo vinataka kuona katika maombi yenu kwamba mmewahi “kubadilisha maisha ya watu”, wala havitaki kuona kwamba mmewahi kukaa miezi mitatu mkihangaika na vitenzi. Makanisa yetu hutoa mchango haraka zaidi yakionyeshwa picha ya mtoto mwenye kamasi kuliko yakionyeshwa daftari la sarufi. Sisi wazazi ndio wabaya zaidi, kwa sababu tumekuja nchi hii tukiwa watu wa kusaidiwa, na hamu yetu ya kuonekana sasa ni watu wa kusaidia imetupofusha. Shule za lugha nazo zinajua soko linataka nini. Wakiona mgeni hatakuja bila kuahidiwa kujitolea, wataahidi.

Turudi kwenye kujifunza kwenyewe, maana hapo ninyi mna neema ambayo wengi hawana, na inaniuma kuiona ikipotea. Irabu za Kihispania ni zetu: a, e, i, o, u, kama mlivyozisikia kwa mama zenu, hazibadiliki. Ile herufi inayowatoa jasho Wamarekani, ñ, ni “ny” ya nyumba. Na ninyi mliokua mkipatanisha ngeli tangu utotoni mnalalamikaje kwamba nomino za Kihispania zina jinsia mbili? Kinachotaka jasho ni vitenzi, na vitenzi havijui njia ya mkato. Wenzenu walikuwa na walimu wavumilivu, lakini kila mapumziko walikusanyika uani kuzungumza Kiingereza, na jioni wakaenda pamoja mkahawani badala ya kukaa mezani na familia walizopangiwa. Mwalimu wa asubuhi anapanda mbegu tu. Zinaota jikoni, wakati mama mwenyeji anakanda unga wa tortilla, chapati za mahindi, na kuuliza umeshindaje.

Na jikoni hapo ndipo mnaposhindwa hata kuishi, achilia mbali kusaidia. Nyumba za Xela zina pila, sinki kubwa la saruji lenye sehemu tatu: ya katikati huhifadhi maji safi kwa ajili ya saa ambazo bomba limekauka, na huchotwa kwa bakuli, za pembeni ndizo za kufulia na kuoshea vyombo. Mama niliyekaa kwake aliwaeleza hayo mabinti wetu wawili jioni ya kwanza, kwa maneno na kwa mikono, nao wakatabasamu na kuitikia, “Sí, sí.” Asubuhi mmoja wao alitumbukiza soksi zenye sabuni katika maji ya katikati. Mama hakusema neno. Alingoja binti aende darasani, akayafungulia maji yote yakaenda, akasugua saruji kwa brashi, akakaa mpaka jioni akisubiri bomba lirudi. Binti hajui mpaka leo, labda akisoma hapa. Sikumwambia siku ile kwa sababu mama mwenyewe alinikataza.

Yako mengine ambayo nayataja tu. Msipige picha mtoto bila ruhusa ya mzazi wake. Salimieni kila mnapoingia dukani au kwenye basi dogo, na semeni “buen provecho”, mlo mwema, kwa wanaokula, kama mlivyofunzwa kukaribisha na kukaribishwa. Tumieni “usted”, yaani “wewe” ya heshima, mpaka mwambiwe vinginevyo. Ulizeni shule inamlipa mwalimu kiasi gani kati ya fedha mnazotoa, na familia inapata kiasi gani. Chukueni sweta, kwa kuwa mji uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi kali. Vituo vya yatima msikanyage. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, katika azimio lake la mwaka 2019 kuhusu haki za mtoto, lilionya kwamba kujitolea kwa watalii katika makao hayo kunaweza kuchochea usafirishaji haramu na unyonyaji wa watoto.

Lakini kuna moja ambalo sitaki kulipita haraka. Vita vya ndani vya Guatemala vilianza mwaka 1960 na kumalizika kwa mkataba wa amani wa tarehe 29 Desemba 1996. Tume ya ukweli iliyoungwa mkono na Umoja wa Mataifa ilikadiria kuwa watu zaidi ya 200,000 waliuawa au kupotezwa, na katika waathirika waliotambuliwa, asilimia 83 walikuwa Wamaya. Mwalimu anayewasahihishia vitenzi vya wakati uliopita anaweza kuwa na kaka ambaye hakurudi. Msimuulize kama mnaomba hadithi. Pia, karibu kila meza mtakayoketi ina mtu wake aliyevuka jangwa kuja hapa tulipo, bila karatasi, na mama yake hajamwona tangu siku ile. Ninyi mna pasi za kusafiria, wengine kwa sababu baba zenu walishinda bahati nasibu ya viza, wengine kwa sababu Umoja wa Mataifa ulitutoa kambini. Mama huyo akiwauliza kama huko mnakoishi kunafika baridi, anauliza habari za mwanawe. Jibuni polepole, kwa Kihispania chenu hicho hicho, na msiwe na haraka ya kuondoka mezani. Kwa hilo saa 50 zinatosha.

Kwa hiyo nimewaandikia wenzangu wa kamati ya michango, nao wamekubali niwajulishe. Atakayeleta mpango wa kukaa Xela angalau miezi mitatu akiwa mwanafunzi tu, kwa familia, bila kituo chochote, nitamchangia kutoka mfukoni mwangu na nitaisaini barua yake ya chuo. Baada ya hapo, mwalimu wake akiandika kwamba sasa anaweza kufanya kazi fulani, na wenye kituo wakasema wanamhitaji, tutakaa tena tuzungumze. Maombi ya wiki mbili za kusoma na kujitolea kwa pamoja yasiletwe kwangu. Waliokwisha kulipia safari ya Juni bado wana nafasi ya kuiandikia shule waombe mchana wao ugeuzwe kuwa saa za masomo. Nimeuliza, na inawezekana.

Wenu,
Shangazi, mkalimani mstaafu