Mshahara wa Aliyeondoka Bila Notisi ni Deni Kama Madeni Mengine

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo sisi waajiri wadogo hulijadili sana tukiwa peke yetu, na mara nyingi kwa hasira, nalo ni mshahara wa mfanyakazi aliyeacha kazi ghafla bila kutoa notisi. Kauli inayosikika kila mara ni kwamba mtu wa namna hiyo amejifukuza mwenyewe, kwa hiyo hana chake. Kauli hiyo niliwahi kuitamka mimi mwenyewe, tena mbele ya mafundi wangu wote, na ndiyo maana naandika.

Nina karakana ya ushonaji yenye watu tisa. Asubuhi moja, tukiwa katikati ya oda kubwa ya sare, fundi mkataji hakutokea. Ilipofika saa nne ujumbe uliingia kwenye simu yangu: "Bosi, shikamoo. Kuanzia leo sitakuja tena kazini. Naomba unitumie hela ya siku nilizofanya." Juu ya meza ya kukatia vilikuwepo vitambaa vilivyokwisha kuchorwa chaki lakini havijaguswa na mkasi, na ufunguo wa stoo hakuna aliyejua ulipo. Nilimjibu kwa maneno ambayo sitayarudia hapa, nikamalizia kwamba hatapata hata senti mpaka aje tuonane ana kwa ana.

Nilishikilia msimamo huo kwa wiki mbili, na sitajisifu kwamba nililainika kwa huruma. Mhasibu anayenisaidia kufunga vitabu kila mwisho wa mwezi ndiye aliyeniuliza swali jepesi: kiasi hiki anachodai kijana nikiandike wapi? Faida hakikuwa, maana kazi ilikwisha kufanyika na nguo alizozikata zilikwisha kuuzwa. Faini pia hakikuwa, kwa kuwa hakuna mamlaka yoyote iliyomtoza. Tulizunguka weee, tukarudi palepale kwenye safu ya madeni, na jina la mdaiwa lilikuwa langu.

Tangu hapo nimejifunza kutenganisha mambo mawili ambayo hasira huyafunga pamoja. La kwanza ni ujira wa siku zilizofanyiwa kazi, ambao mfanyakazi huwa ameshauchuma siku anapoondoka, awe ameaga au hakuaga. La pili ni notisi ambayo hakuitoa, na hilo ni dai la mwajiri dhidi ya mfanyakazi, lenye njia zake. Sheria za nchi nyingi zinamruhusu mwajiri kudai malipo badala ya notisi kutoka kwa aliyeondoka ghafla, kama zinavyomruhusu mfanyakazi kudai malipo hayohayo anapofukuzwa ghafla. Lakini kuwa na haki ya kudai hakukupi haki ya kujilipa mwenyewe kutoka mfukoni mwa mwenzako kabla hajasikilizwa. Mkataba Namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1949 kuhusu ulinzi wa ujira, unayataka mataifa yaliyouridhia yaruhusu makato katika mshahara kwa masharti na kwa kiwango tu kilichowekwa na sheria za nchi, makubaliano ya pamoja kati ya waajiri na vyama vya wafanyakazi, au uamuzi wa usuluhishi. Mkataba huohuo, katika ibara ya 12, unataka hesabu za mwisho za ujira zifungwe pale mkataba wa kazi unapokoma, kwa kufuata sheria za nchi au, kama sheria haikusema lolote, ndani ya muda unaofaa. Hauulizi ni nani aliyeuvunja huo mkataba wa kazi wala aliuvunja kwa adabu gani.

Kwa hiyo niliketi na mhasibu tukafungua daftari la mahudhurio. Mwezi ule ulikuwa na siku 26 za kazi, na yeye alifanya 17. Mshahara wa mwezi tukaugawa kwa 26, tukazidisha kwa 17. Tukaongeza siku za likizo alizokuwa amezichuma bila kuzichukua, kisha saa 11 za muda wa ziada. Tukatoa robo ya mshahara aliyokuwa ameichukua mapema kwa karatasi aliyoisaini mwenyewe, ambayo makubaliano yake yalikuwa yakatwe mwezi uleule. Nilitaka pia tukate bei ya aproni na hasara ya vitambaa viwili alivyoviharibu miezi iliyopita. Mhasibu akaniomba karatasi yoyote inayoonyesha kwamba kijana aliwahi kuelezwa kuwa aproni ni ya kulipiwa, au kwamba alisikilizwa kuhusu vile vitambaa. Sikuwa nayo. Makato hayo mawili tukayafuta, na jumla iliyobaki ilikuwa kubwa kuliko ile ambayo kijana mwenyewe alikuwa akiidai, kwa sababu hakujua kwamba likizo inahesabiwa.

Tulipofika kwenye notisi niliaibika zaidi. Nilisema kwa sauti kubwa kwamba anidai yeye, nami nimdai mshahara wa mwezi mzima badala ya notisi, ngoma iwe droo. Mhasibu akaniuliza notisi hiyo ya mwezi mmoja imeandikwa wapi. Mafundi wangu wote niliwaajiri kwa mdomo. Inawezekana sheria ingeniwekea muda fulani hata bila maandishi, lakini sikuwahi kumwambia fundi yeyote kwamba akitaka kuondoka anipe taarifa ya siku ngapi, na sasa nilikuwa namhukumu mmoja wao kwa kanuni niliyoitunga asubuhi alipoondoka. Dai hilo nikaliacha. Hasara ya sare zilizochelewa nimeibeba mwenyewe, na mteja hajarudi.

Naomba niseme neno kuhusu ile kawaida ya kumwambia mtu aje ofisini kuchukua chake. Wengi wetu tunajua kwamba huko ofisini hatuna lolote la kumpa isipokuwa kumsema mbele ya wenzake, na pengine kumwekea karatasi iliyoandikwa "sina madai yoyote" asaini ndipo apewe fedha. Kama mwezi uliopita mshahara uliingia kwa simu au benki, hauna sababu ya kubadili njia mwezi huu. Na ile karatasi ina kasoro kubwa, kwa sababu mtu mwenye kodi ya nyumba iliyopita tarehe atasaini chochote, kisha akienda kwa ofisa wa kazi au mbele ya msuluhishi ataeleza kwamba alisaini ili apate kilichokuwa chake tayari, na mwajiri atakuwa na kazi ya kulijibu hilo. Kama kuna sehemu mnayobishania, lipa ile isiyo na ubishi, eleza kwa maandishi ni ipi inayobaki na kwa nini, halafu mzungumze. Vifaa visivyorudishwa navyo vidaiwe kwa barua inayovitaja kimoja kimoja. Ufunguo wangu, kwa mfano, ulikuwa kwa fundi mwingine siku zote hizo, na mimi nilikuwa nimeshamwita mtu mwizi.

Wafanyakazi nao nisiwaache bila neno. Kuondoka ghafla kunaangukia vichwa vya wenzako kabla hakujamfikia tajiri. Wasichana wawili walikaa mpaka usiku siku tatu mfululizo wakikata vitambaa alivyoviacha yule kijana. Ukiwa unaondoka, andika mistari miwili yenye tarehe, kabidhi ulichonacho na ubaki na nakala. Hata hivyo nakiri kwamba yapo mazingira ambayo mwajiri ndiye anayemsukuma mtu mlangoni, kwa mfano kwa kutomlipa miezi kadhaa, na sheria za nchi kadhaa humhesabu mtu huyo kuwa amelazimishwa kuacha kazi, hata kama barua ya kuondoka aliiandika kwa mkono wake. Katika hali hiyo mwajiri anayelalamikia notisi anaweza kujikuta yeye ndiye mwenye kujibu maswali.

Nilimtumia kijana fedha zake pamoja na picha ya karatasi ya hesabu, kila mstari ukionyesha ulivyopatikana. Nilitegemea kimya, au pengine shukrani. Jibu lake lilikuja jioni: "Asante bosi. Ila ovataimu ni saa 13, siyo 11. Angalia Jumapili ile ya mwisho." Nikarudi kwenye daftari, na Jumapili ile ilikuwepo, imeandikwa kwa mwandiko wangu mwenyewe pembeni ya ukurasa, saa mbili, karibu na jina lake. Muda huo wa ziada ulikuwa wa miezi miwili nyuma, na nilikuwa nimemwahidi kuulipa kila mwisho wa mwezi. Nilizituma zile saa mbili usiku uleule. Sababu ya kuondoka kwake sikumuuliza tena.

Mwenye karakana ya ushonaji,
Msomaji wako wa siku nyingi