Mimba haishonwi kwenye operesheni

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Sisi tuliofanyiwa operesheni ya endometriosisi (ule ugonjwa wa tishu kama za ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake), hata nyuzi hazijakauka watu washaanza kuuliza mimba iko wapi, kana kwamba daktari kaiweka humo humo akashona. Operesheni inatoa vidonda na kuachanisha viungo vilivyogandana, mtoto ni habari nyingine, na kama una uvimbe kwenye ovari kuutoa kunaweza kupunguza akiba ya mayai, hilo ulizia kabla ya kisu sio baada. Ukiwa na miaka 35 kwenda juu na miezi 6 ya kutafuta mimba imepita kimya rudi kwa daktari, usikae tu. Na mume naye apimwe mbegu jamani, mbona yeye haulizwi? Wangu alinuna weee, ila alienda.

Msomaji wako