Ufa ulioandikwa kwenye kituo cha mafuta

Calgary, 9 Novemba

Sahibu yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako ilinifikia Jumanne pamoja na zile picha za mahafali ya kidato cha nne, na nimefurahi mno kusikia kwamba shemeji amekwisha kupona na kwamba wewe umerudi kufundisha historia, badala ya ile kazi ya ofisini iliyokuwa ikikukondesha. Sisi huku hatujambo, ila baridi imeingia na watoto wameanza tena kupoteza glovu, kila mmoja akirudi nyumbani na ya mkono mmoja.

Sasa nikujibu swali lako. Ulisema kwamba katika picha niliyokutumia, ile tuliyopiga njiani tukirudi kutoka upande wa mashamba ya ngano, umeona kituo cha mafuta chenye kibao kilichoandikwa UFA, ukacheka peke yako na kujiuliza ni nani mwenye akili timamu atakayeiita biashara yake ufa, ilhali sote tumekua tukiambiwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami nilicheka siku ya kwanza nilipokiona. Hizo ni herufi za United Farmers of Alberta, yaani Umoja wa Wakulima wa Alberta, ambao leo ni chama cha ushirika kinachouza mafuta na vifaa vya shamba, lakini kuanzia 1921 hadi 1935 ndio uliotawala jimbo hili zima. Namna walivyoondolewa madarakani ni kisa ambacho nimekuwa nikikisoma kwa miaka, na kwa kuwa umenichokoza mwenyewe, itabidi unisikilize.

Kwanza ujue kwamba jimbo la Kanada si kama jimbo la uchaguzi la kwenu. Lina bunge lake, mawaziri wake na waziri mkuu wake, na mambo kama shule, barabara na ardhi ni yake. Fedha na mabenki si yake, kwani sheria ya 1867 iliyoiunda Kanada iliyaweka mikononi mwa serikali ya taifa iliyoko Ottawa. Jambo hilo dogo lishike vizuri, maana ndilo lililokuja kuvunja mioyo ya watu.

Wakulima waliingia madarakani Julai 1921 karibu bila kukusudia, kiasi kwamba rais wao, Henry Wise Wood, aliukataa uwaziri mkuu, na ikabidi atafutwe mtu mwingine. Kuanzia 1925 aliyeongoza alikuwa John Brownlee, mwanasheria mkimya na makini, na katika uchaguzi wa 1930 alipata viti 39 kati ya 63. Walikuwa watawala wa kawaida: waangalifu, wenye kubana matumizi, wasio na makeke. Wewe na mimi tungewapigia kura bila kufikiri mara mbili.

Kisha bei ya ngano ikaanguka. Busheli, yaani kipimo cha nafaka cha huku, iliyokuwa ikiuzwa kwa zaidi ya dola 1 kabla ya mdororo wa uchumi, mwishoni mwa 1932 ilikuwa chini ya senti 40, na mkulima aliyekopa benki kununua trekta wakati wa neema alijikuta anadaiwa deni lile lile kwa mavuno yasiyofika hata nusu ya thamani. Wewe uliyekulia Mtwara, katika nyumba iliyokula, kuvaa na kusoma kwa korosho, huhitaji kuelezwa bei inavyoweza kuanguka ilhali mti umezaa vizuri. Kusini mwa jimbo, ukame na upepo viliondoka na udongo wenyewe. Waliokuwa na magari walishindwa kununua petroli, wakang'oa injini na kufunga farasi mbele, na mikokoteni hiyo wakaipa jina la R. B. Bennett, Waziri Mkuu wa taifa, ambaye kwa bahati mbaya yake alikuwa mbunge wa hapa hapa Calgary.

Na serikali ya wakulima ilifanya nini? Iliendelea kubana matumizi. Halafu, kana kwamba haitoshi, mwaka 1934 Brownlee alishtakiwa katika kesi ya madai na msichana aliyekuwa akifanya kazi serikalini pamoja na baba yake, wakidai kwamba alimrubuni. Alikana, lakini jopo la raia mahakamani lilimwamini msichana, na ingawa jaji aliutengua uamuzi huo, Brownlee alikwisha kujiuzulu. Nafasi yake ilichukuliwa na Richard Reid, mtu mwema ambaye sijawahi kukutana na yeyote hapa anayeweza kunieleza alifananaje.

Sasa ndipo anapoingia mwalimu mwenzako. William Aberhart alikuwa mkuu wa shule ya sekondari ya Crescent Heights hapa Calgary, mtu mnene, mwenye kipara na miwani, ambaye tangu 1925 alikuwa akihubiri Biblia redioni kila Jumapili. Tafadhali usipite haraka hapo. Fikiria nyumba ya mbao katikati ya uwanda, jirani wa karibu yuko maili mbili, nje kuna theluji hadi dirishani, na ndani familia imekaa kulizunguka sanduku la redio ikisikiliza sauti nzito inayofafanua Ufunuo wa Yohana. Mwenye sauti ile aliwafundisha watoto wao kwa njia ya posta, katika shule ya Jumapili ya redioni. Kijana mmoja wa shambani katika jimbo jirani la Saskatchewan, Ernest Manning, aliisikia akafunga safari kuja Calgary, akawa mwanafunzi wa kwanza wa chuo cha Biblia ambacho Aberhart alikifungua 1927. Siasa ilipokuja, sauti hiyo ilikuwa imekaa ndani ya nyumba hizo kwa miaka saba, na hakuna mgombea wa chama kingine aliyewahi kuvuka vizingiti vyao mara nyingi hivyo.

Katika kiangazi cha 1932 Aberhart alikwenda Edmonton, mji mkuu wa jimbo, kusahihisha mitihani ya mwisho wa sekondari, na huko mwalimu mwenzake akamwazima kitabu kilichoeleza nadharia ya Meja C. H. Douglas, mhandisi wa Uingereza. Meja alidai kwamba ujira na mapato yanayolipwa kwa watu daima hupungua kuliko bei za vitu wanavyovizalisha, na kwa hiyo serikali inapaswa kuziba pengo hilo kwa kuwapa wananchi fedha za kununulia. Nadharia hiyo iliitwa Social Credit, yaani mkopo unaotokana na jamii nzima. Wanauchumi wengi waliicheka. Aberhart aliisoma, akaipeleka redioni, na akafanya jambo ambalo Meja mwenyewe hakuwahi kulifanya: aliitajia kiasi. Kila raia mtu mzima wa Alberta angelipwa gawio la dola 25 kila mwezi.

Ukipiga hesabu utaona ugumu wake mara moja. Jimbo lilikuwa na watu zaidi kidogo ya laki 7. Tuseme watu wazima walikuwa laki 4 tu, hizo ni dola milioni 10 kwa mwezi na milioni 120 kwa mwaka, na mapato yote ya serikali ya jimbo hayakufika hata robo yake. Wapinzani walizirudia hesabu hizi kila siku magazetini. Aberhart alijibu kwamba mtu hahitaji kuujua umeme unavyofanya kazi ili awashe taa. Nawe usiseme kwamba watu walikuwa wajinga, kwa sababu nimeisikia kauli hiyo hapa na inaniudhi. Waliokuwa wakiwaambia kwamba haiwezekani ni wale wale mabenki na wanasiasa waliokuwa wamewaambia kwamba kuuza ngano kwa hasara ni sheria ya maumbile. Katika michezo yake ya redioni Aberhart alimleta mgeni kutoka sayari ya Mirihi, ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza tu: kwa nini maghala yamejaa na watoto hawana viatu? Hakuna aliyekuwa na jibu zuri kwa mgeni yule, na mimi sidhani kama ninalo.

Kosa kubwa, kwa maoni yangu, lilikuwa la wakulima wenyewe. Mwaka 1934 walimwalika Douglas kutoa maelezo bungeni, mwaka uliofuata wakamwajiri kuwa mshauri wa serikali, na papo hapo, katika mkutano wao mkuu wa Januari 1935, wakaikataa hoja ya Aberhart alipoileta mbele yao. Yaani walikwisha kukiri kwamba dawa ipo, ila si ya kunywewa kutoka mkononi mwa mwalimu yule. Hapo ndipo alipoamua kusimamisha wagombea wake mwenyewe kila mahali. Vikundi vyake vya kujisomea vilikwisha kuenea mamia kwa mamia, madarasani na sebuleni. Kila eneo lilipendekeza majina kadhaa, na Aberhart na kamati yake wakateua mmoja. Yeye mwenyewe hakugombea. Nadhani lilikuwa jambo la busara, kwa kuwa hivyo alikuwa mgombea wa maeneo yote.

Kura zilipigwa Alhamisi, 22 Agosti 1935, siku ambazo mkulima wa huku huwa anaangalia anga na kunoa mashine za mavuno. Zaidi ya asilimia 80 ya waliojiandikisha walijitokeza. Chama cha Aberhart, Social Credit, kilipata viti 56 kati ya 63, chama cha Liberal 5, Conservative 2, na Umoja wa Wakulima haukupata hata kimoja. Hakuna waziri aliyeponea. Reid alishindwa Vermilion, na Brownlee alishindwa Ponoka na Edith Rogers, mwanamke ambaye hadi hapo hakuwahi kukaa bungeni hata siku moja. Kwa kura, washindi walikuwa na asilimia 54 hivi, si haba, lakini si karibu ya asilimia 89 ya viti walivyoondoka navyo. Na katika hesabu hizo zote hawamo watu wa mataifa ya asili wanaotambuliwa na sheria, kama Tsuut'ina ambao ardhi yao inapakana na mji huu, kwani hao waliruhusiwa kupiga kura katika uchaguzi wa jimbo mwaka 1965 tu. Ukame uliwapiga kama wengine.

Inasimuliwa kwamba asubuhi iliyofuata baadhi ya watu walifika kwenye ukumbi wa jiji kuulizia dola 25 zao. Wengine husimulia kisa hicho kwa kicheko. Mimi huwaza mtu aliyevaa kanzu yake nzuri (samahani, koti lake zuri, unaona ninavyokufikiria) akasimama foleni, akaambiwa arudi nyumbani.

Yaliyofuata nitayapitia kwa haraka. Aberhart aliingizwa bungeni kwa kiti cha Okotoks-High River, akaomba miezi 18 ya kutimiza ahadi yake, na Aprili 1936 jimbo likashindwa kulipa hati za dhamana zilizoiva, yaani madeni yaliyofika siku ya kulipwa. Badala ya gawio ilikuja kodi ya mauzo ya asilimia 2. Kisha zikaja hati za neema, noti za jimbo ambazo mwenye nazo alitakiwa kubandika stempu ya senti 1 nyuma yake kila wiki ili ziendelee kuwa na thamani. Mwaka juzi niliiona moja katika duka la muuza sarafu za zamani. Nyuma ina visanduku vidogo vidogo kama karatasi ya bahati nasibu, vichache vina stempu, na vilivyobaki ni vitupu. Wenye maduka walichoka nazo upesi. Mwaka 1937 wabunge wake mwenyewe walimgeuka mpaka akapitisha sheria za kuyabana mabenki na magazeti, na zote zikakwama, ama kwa mkono wa Ottawa, ama kwa mwakilishi wa Mfalme aliyekataa kuzitia saini, kisha Mahakama Kuu ya Kanada mwaka 1938 ikaamua kwamba jimbo halikuwa na mamlaka hayo. Kumbuka ile sheria ya 1867. Hata sheria yake ya kuwaruhusu wapiga kura kumwondoa mbunge wao ilimgeukia: watu wa Okotoks-High River walianza kukusanya saini dhidi yake, naye akaifuta sheria yenyewe.

Lakini hawakumwacha. Alishinda tena 1940, akafariki 1943, na Manning, yule kijana aliyeifuata sauti, akatawala hadi 1968. Mafuta yalipatikana Leduc Februari 1947, na miaka kumi baadaye serikali ya Manning ikawagawia wananchi kiasi cha dola 20 kwa mtu kutokana na mrabaha wake, si kila mwezi. Ile kodi ya mauzo ilifutwa 1937 na haijarudi mpaka leo. Risiti ya dukani niliyonayo hapa mezani ina kodi ya taifa pekee.

Wakulima nao walijitoa rasmi katika siasa mwaka 1939, wakabaki na biashara. Siku ile ya picha nilijaza tangi pale pale chini ya kibao. Nilimuuliza kijana wa kwenye kaunta kama anajua herufi zile zilimaanisha nini zamani, akaniambia ni jina tu la kampuni, kisha akaniuliza kama nina kadi ya uanachama.

Niandikie matokeo ya vijana wako yakitoka, na umwambie shemeji kwamba ule unga wa muhogo alioutuma umefika salama, ila forodha waliufungua na kuunusa kwanza.

Wasalaam,
Sahibu yako wa Calgary