Mjomba wa yule binti yuko wapi?

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Masasi. Gazeti lako la Jumamosi hunifikia jioni, likishuka na basi la kutoka Dar es Salaam, na kabla sijaligusa, wasichana wangu wawili wanaojifunza ushonaji wameshafungua ukurasa wa riwaya. Mmoja anasoma kwa sauti, vyerehani vyote vinasimama. Wiki ile kijana alipomfuata mchumba wake Mikindani usiku, mvua inanyesha, kumbe kaja kumrudishia kandambili moja tu aliyoisahau, kuna mteja aliondoka bila gauni lake. Kwa hiyo usidhani naandika kwa kuichukia.

Ugomvi wangu ni sura ya tisa. Wameshaoana, wanazozana, kijana anampiga mkewe kofi. Binti anakimbilia ufukwe wa Shangani kulia peke yake, na sura inayofuata wamekumbatiana. Peke yake! Mtwara hii? Sisi Wamakua, na Wayao na Wamakonde vilevile, ukoo tumezoea kuuhesabu kwa mama, na mjomba ni mtu mzito. Binti akipigwa asubuhi, adhuhuri mjomba ameshakaa mkekani na kijana anajieleza mbele ya watu. Mjomba wangu mimi hajawahi kuiona Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, lakini yeye na sheria hiyo wanakubaliana: mwenzi hachapwi. Mwandishi kawaumba hawa wawili kama mayatima. Hakuna mama, hakuna somo aliyemfunda, hakuna hata jirani wa kuchungulia dirishani. Ndiyo maana kofi likapita kama chafya.

Halafu korosho. Kijana anauza korosho mwezi wa tano, anahesabiwa noti chini ya mkorosho, ananunua pikipiki. Wateja wangu walicheka. Mwezi wa tano mkorosho hauna hata ua. Watu wanapalilia na kuwaza salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Minada huanza Oktoba, na fedha za mnada huingia benki kupitia chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima. Mimi sikucheka, kwa sababu aliyelipwa taslimu mwezi wa tano ameuza kangomba. Kaiuza korosho ambayo haijazaliwa, kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika mwenye fedha atakuja na magunia yake. Na shamba lenyewe, sura ya nne ilisema, ni la mama wa binti! Sasa hapo ndipo penye ugomvi wa kweli wa nyumba changa. Mwandishi kaupita juu bila kuuona, akaenda kutafuta wivu wa meseji kwenye simu. Nimeshona sare za harusi nyingi mjini hapa, na ndoa nilizoziona zikivunjika mapema, kangomba ilikuwamo katika zaidi ya moja.

Naomba mwandishi amlete mjomba kabla riwaya haijaisha, hata kwa simu. Amuulize kijana pikipiki ilitoka wapi. Mapenzi yao ayaache yalivyo, moto uleule, kandambili ileile.

Jingine dogo: binti kaolewa Desemba na gauni la mikono mirefu lenye bitana mbili. Kwa joto la Mtwara la Desemba! Aliyemshonea alikuwa na kisa naye.

Fundi cherehani,
Masasi, Mtwara