Njoo uinywe ilikozaliwa

Nürnberg, 14 Mei

Ndugu yangu Aloyce,

Barua yako imenifikia juzi. Pale uliposema unakuja Julai nimepasoma mara mbili, nikiwa bado nimesimama mlangoni na koti mwilini. Mama anaendeleaje? Na mvua za masika huko Kibosho zimepungua?

Umeniuliza bia ya Kijerumani iliyo bora ni ipi. Nimekaa huku miaka tisa na jina moja la kukupa sina. Niulize inanywewa wapi, hapo nitakujibu mpaka usiku. Wewe mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, unaijua. Ukiitia kwenye chupa ukaipeleka Dar es Salaam, anayeinywa huko hajanywa mbege. Bia za huku ziko hivyohivyo: kila mji una yake, na glasi yake, na namna yake ya kuileta mezani.

Ukishuka Frankfurt, panda treni uende Köln kwanza. Ukitoka tu stesheni unakutana na kanisa kuu, na hatua chache kutoka hapo ipo baa ya Früh am Dom. Mimi napenda zaidi Päffgen, mtaa wa Friesenstraße, kwa sababu bia wanaipika palepale. Inaitwa Kölsch, nyepesi, rangi ya dhahabu, na glasi yake ni nyembamba, inaingia desilita 2 tu. Usiidharau kwa udogo wake. Inaisha kabla haijapata joto wala povu halijalala. Mhudumu wao anaitwa Köbes. Glasi ikiwa tupu anakuwekea nyingine bila kukuuliza, kisha anachora mstari kwenye kile kikaratasi kigumu cha kuwekea glasi. Mara yangu ya kwanza, katika baa moja ya huko, nilikuwa nasubiri aniulize, kumbe yeye anasubiri ishara yangu. Nilifika mistari saba ndipo mzee wa meza ya pili akanionyesha: ukitosheka, funika glasi kwa kile kikaratasi.

Düsseldorf si mbali, kama kilomita 40. Bia yao ni Alt, rangi ya shaba, chungu zaidi, na pa kuinywa ni Uerige, kule mji mkongwe. Ila ukiwa Köln usiagize Alt, na ukiwa Düsseldorf usiagize Kölsch. Miji hiyo ni watani wa jadi.

Kisha njoo kwangu, maana ninapotaka kukupeleka hasa ni Bamberg. Kutoka hapa ni chini ya saa moja kwa treni. Huko wana bia ya moshi, Rauchbier, na sisi watu wa Moshi hatuwezi kuipita. Kimea chao wanakitengeneza kama nyumbani tunavyofanya ulezi: shayiri inaloweshwa, inachipua, inakaushwa. Sisi tunatia gome la msesewa ili uchungu upatikane, wao wanatia maua ya hopsi. Tofauti iko kwenye kukausha. Zamani kimea kilikaushwa juu ya moto wa kuni, kwa hiyo bia nyingi zilikuwa na harufu ya moshi. Baadaye vikaja vikaushio vya hewa safi, wengi wakauacha moshi. Nyumba mbili za kupika bia za Bamberg, Schlenkerla na Spezial, hazikuuacha hata leo.

Schlenkerla iko chini ya kilima cha kanisa kuu, nyumba ya zamani yenye boriti nyeusi darini. Bia inatoka kwenye pipa la mbao, bila mtungi wa gesi. Ni nyeusi, na inanukia nyama iliyobanikwa. Funda la kwanza litakushtua. Wenyeji wanasema usiihukumu kabla ya glasi ya tatu, na mimi nawaunga mkono. Ilipofika ya pili, Aloyce, nilimwona bibi yangu kabisa: lile jiko lake, mahindi darini yakikaukia moshini, macho yakituwasha na hakuna anayetaka kutoka. Nilinyamaza muda mrefu. Ndiyo sababu nataka tukae pale wawili. Siwezi kumweleza mtu ambaye hakulijua jiko lile.

Jioni tutapanda kilimani, bustani ya Spezial, tuone minara minne ya kanisa kuu. Bia yao moshi wake ni wa upole. Huku watu husema wanakwenda “juu ya handaki”, kwa sababu zamani bia ilihifadhiwa kwenye mahandaki chini ya vilima hivyo, na watu wakazoea kuinywa juu yake, chini ya miti.

München tutakwenda siku moja. Nyumba kubwa zenye watalii na bendi tutazipita tu. Tutakaa bustani ya bia ya Augustiner-Keller, chini ya michesnati, miti iliyopandwa ili kivuli chake kilipoze handaki la bia. Mwaka 1812 mfalme wa Bavaria aliwaruhusu wapika bia wauze bia kwenye mahandaki yao, ila chakula hapana, wenye mikahawa wasije wakakosa riziki. Watu wakawa wanabeba chakula chao, na desturi hiyo ipo mpaka leo. Meza isiyo na kitambaa, unafungua kapu lako na hakuna wa kukuuliza. Nitapika ndizi nyama, tule palepale.

Nitumie namba ya treni yako ya kutoka Köln. Nitakusubiri jukwaani, na njiani usishibe.

Wako,
Deo