Mapadre wetu, tuambieni waziwazi: dawa ya uzazi si dhambi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo linalowatesa wanandoa Wakatoliki hapa Unguja na Pemba. Katika jumuiya zetu ndogo ndogo yameenea maneno kwamba Kanisa limekataza dawa za uzazi, yaani za kuwasaidia wanandoa kupata mtoto. Wapo kina mama walioandikiwa na daktari vidonge vya kupevusha mayai wakaacha kuvimeza, wakihofia kukosa Komunyo. Wengine huvimeza kwa siri, kisha wakaenda kuungama. Inasikitisha, maana Kanisa halijafundisha hivyo.

Kilichokatazwa kinajulikana. Mwaka 1987 hati ya Vatikani iitwayo Donum Vitae ilifundisha kwamba mtoto atokane na tendo la ndoa la baba na mama yake, ikakataa mimba kutungwa maabara hata kama yai na mbegu ni vya wanandoa wenyewe. Mwaka 2008 ikatoka hati nyingine ya Vatikani, Dignitas Personae, na humo, namba 13, tiba ya homoni kwa wasiopata mtoto imetajwa kuwa halali, pamoja na kuzibua mirija ya uzazi. Dawa inaondoa kizuizi tu. Klomifeni, kwa mfano, humezwa kwa kawaida siku 5 mwanzoni mwa mzunguko ili yai lipevuke. Yanayobaki ni ya mume na mke, na hakuna kiinitete kinachogandishwa wala kutupwa.

Nadhani mkanganyiko wetu una sababu. Tunaishi na majirani Waislamu, na wanavyuoni wao wengi wameruhusu mimba ya maabara kwa mume na mke waliooana. Mkatoliki akishauriwa na jirani yake afuate njia hiyo, anakumbuka kwamba kwetu haifai, basi na vidonge navyo anavitia kapu hilo hilo.

Lakini halali si ruhusa ya kujinunulia duka la dawa bila kupimwa. Mirija ikiwa imeziba kwa maambukizi ya zamani, vidonge hivyo havitaizibua. Tena vinaongeza uwezekano wa mapacha, na sindano za homoni zinaweza kupevusha mayai mengi hadi mimba ikawa ya watoto watatu au wanne. Hapo wapo madaktari watakaopendekeza kupunguza idadi ya watoto tumboni. Kwetu huko ni kutoa mimba, na hati ya 2008 imelisema wazi. Mwenye kujali dhamiri yake amuulize daktari mapema kuhusu dozi, na akubali kufuatiliwa kwa altrasaundi.

Linaloniuma zaidi ni waume. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba takriban mtu 1 kati ya 6 hupatwa na tatizo la kukosa uzazi katika maisha yake, na hao ni wanaume kwa wanawake. Huku kwetu anayeitwa tasa ni mke, anayesemwa na mawifi ni mke, anayepanga foleni hospitali ni mke. Mume hataki kupimwa mbegu, na akibanwa anajikinga na dini: kujichua ni dhambi. Ni kweli, Kanisa linafundisha hivyo. Lakini wanateolojia wengi wa maadili wamekubali mbegu zikusanywe wakati wa tendo la ndoa lenyewe, kwa mpira (kondomu) maalumu uliotobolewa. Asiyetaka kupimwa aseme hataki, asimsingizie Mungu.

Ombi langu kwa mapadre, kuanzia kanisa kuu la Minara Miwili mjini Unguja hadi parokia za Pemba: yasemeni haya katika mafundisho ya ndoa, bwana na bibi harusi wakiwa wamekaa pamoja, kabla hawajaanza kuulizwa na ndugu kwa nini hawajazaa. Nao WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wamwalike daktari wa uzazi azungumze nao, na siku hiyo waume zao waje.

Mkatoliki wa Mpendae,
Unguja