Malalamiko kuhusu kava ya gia mliyoniuzia kama kava ya breki za disiki

Mwenye duka la baiskeli za kukodisha,
Malindi.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Vipuri vya Baiskeli,
Mombasa.

Kwa Bwana au Bibi,

YAH: KURUDISHIWA PESA NA KUONDOLEWA SOKONI KWA KAVA YA "BREKI NA GIA"

Nawaandikia kwa sababu simu zangu zimepokewa kwa adabu na kusahauliwa kwa haraka. Niliagiza kwenu roli ya kava ya kebo ya breki, yaani ala ya nje ambayo waya wa breki hupita ndani yake, nikaeleza kwa maandishi kwamba ni ya baiskeli zenye breki za disiki za kuvutwa kwa waya, si zile za mafuta, na kwamba nataka isiyobonyea, yaani isiyofupika mtu akibana breki. Mzigo ulikuja kwa basi ukiwa na karatasi iliyoandikwa "Breki na Gia, haibonyei".

Fundi wangu alisita alipokata kipande cha kwanza. Ndani aliona nyuzi za chuma zimelala kufuata urefu wa kava, zimezunguka bomba jembamba la plastiki, wakati kava ya breki aliyoizoea ina utepe wa chuma uliozungushwa tangu mwanzo hadi mwisho. Tukawauliza kabla ya kufunga. Kijana wenu wa mauzo akajibu kwamba hiyo ndiyo ya kisasa, ndiyo maana haibonyei, na kwamba disiki ndizo zinazoitaka hasa. Ujumbe wake wa WhatsApp ninao, na nakala yake nimeiambatisha.

Kilichofuata mnakijua. Mfanyakazi wangu alikuwa akirudi dukani, tuktuk ikamkatia njia ghafla karibu na soko. Alibana breki zote mbili. Ya mbele ikatoa mlio mmoja, na mkono wa breki ukaenda mpaka kwenye hendeli bila kushika kitu. Breki ya nyuma, ambayo bado ilikuwa na kava iliyokuja na baiskeli kutoka kiwandani, ilimpunguzia mwendo kiasi cha kumfikisha kwenye mkokoteni wa maji badala ya kwenye tuktuk yenyewe. Amechubuka kiganja na goti. Nashukuru ni hayo tu.

Jibu lenu la kwanza lilikuwa kwamba fundi hakukaza waya vizuri. Njooni muone. Waya haukukatika, na pale ulipobanwa kwenye kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye sahani ya disiki, haukuteleza hata kidogo. Kilichofumuka ni kava, sehemu inayopinda chini ya hendeli: nyuzi zimechomoza nje ya plastiki kama ufagio wa chelewa.

Jibu la pili likawa chumvi ya Malindi. Chumvi ya hapa tunaijua kuliko ninyi. Baiskeli zetu huvuka daraja la Sabaki kwenda Mambrui na kurudi zimejaa mchanga na unyevu wa bahari, ndiyo maana tunafunga kava nzima kutoka hendeli hadi kalipa, bila kuacha waya wazi katikati, tena waya wenyewe ni wa chuma kisichoshika kutu. Nyuzi zilizochomoza zinang'aa. Kutu haijazigusa.

Sababu ni nyepesi kuliko hizo zote. Mtu akibana breki, waya wa ndani huvutwa na kava husukumwa kwa nguvu ile ile kutoka ncha hadi ncha. Kava ya utepe wa kuzunguka hufupika kidogo chini ya msukumo huo, lakini chuma chake hakina pa kukimbilia. Ni salama; lawama yake ni kwamba breki huwa laini mkononi, hasa ya nyuma ambako kava ni ndefu. Kwenye disiki ulaini huo husumbua zaidi, kwa kuwa pedi hukaa pembeni mwa sahani kwa nafasi isiyofika milimita moja, na mvuto unaopotelea kwenye kava haufiki kwenye kalipa. Ndiyo maana niliagiza isiyobonyea.

Kava ya gia nayo haibonyei. Nyuzi zake zimenyooka kwa sababu gia za kubofya huhamisha mnyororo kwa kipimo, na kava ikifupika kipimo hicho huharibika. Ila nyuzi hizo zimeshikwa pamoja na plastiki ya nje peke yake. Waya wa gia hauvutwi kwa nguvu kubwa. Breki huvutwa na mkono mzima wa mtu aliyeshtuka. Plastiki ikishindwa, nyuzi hutawanyika na breki imekwisha. Kava ya breki isiyobonyea ya kweli ina nyuzi zilizonyooka pia, lakini juu yake kuna msuko unaozibana zisitoke, kama zile za kampuni ya Jagwire zenye nyuzi imara za Kevlar. Gharama yake iko kwenye msuko huo, na kwenye roli yenu haupo. Kutobonyea si kutopasuka, na muuzaji wa vipuri asiyejua tofauti hiyo asimshauri mtu kuhusu breki.

Wala msiniambie ningepima unene. Kwa kawaida kava ya breki ni milimita 5 na ya gia 4, lakini hii yenu ni ya 5, na waya wa breki wa milimita 1.6 unapita ndani bila taabu. Kwa nje haitofautiki na kava ya breki.

Punguzo mlilonipa kwa roli nyingine ya aina hiyo hiyo nalikataa (sijui nani aliona hilo ni wazo zuri). Nataka pesa zangu zote, nauli ya mzigo na gharama za matibabu ya mfanyakazi wangu. Nataka pia roli hizo zitolewe kwenye rafu au ziandikwe "Gia tu", na kila aliyeuziwa apigiwe simu leo, si baada ya mazungumzo yetu kumalizika. Namba zao mnazo kwenye risiti. Wengine hubeba watoto nyuma.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, maelezo ya kutosha, na fidia akipata hasara. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitapeleka karatasi ya roli na ujumbe wenu kwa Shirika la Viwango, KEBS, na dai langu katika Mahakama ya Madai Madogo.

Nimeambatisha risiti, picha na kipande cha sentimita chache cha roli ambacho hakijatumika. Kava iliyopasuka siitumi kwa basi. Mtu wenu aje aikague dukani, fundi akiwepo.

Wenu,
Mwenye duka